Sura Nilizompangia Mzee Upya

Kazi yenyewe ilikuwa kumsomea mzee kipofu, siku tano kwa wiki, kuanzia saa tisa mchana hadi saa kumi na moja. Aliyeniletea habari zake ni jirani yangu wa Kangemi, mama aliyekuwa mpishi katika nyumba ya huyo mzee kule Muthangari. Tulikuwa tukisali kanisa moja na alijua kwamba mimi ni mwalimu wa Kiingereza asiye na darasa. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu nihitimu. Nilikuwa nimetuma barua za kuomba kazi hadi mkono ukachoka, na asubuhi nilikuwa nikifua nguo za watu Lavington. Aliponiambia kuna mtu anatafuta wa kumsomea, nilidhani ananitania.

Mzee alikuwa mtu wa Mombasa, Mwislamu, aliyekuja Nairobi akiwa kijana na kufanya kazi ya kupima ardhi mpaka akastaafu. Mkewe alikuwa ameshafariki. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru kidogo kidogo, jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, binti aliyeolewa na kuishi Karen, na huyo binti ndiye aliyenihoji na kuniandika kazi. Alinipokea akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. Alisema nimsomee babake magazeti, nisimwache alale mchana kwa sababu akilala mchana usiku huwasumbua watu, na nisimchoshe. Kisha akaondoka.

Siku hiyo ya kwanza niliingia sebuleni nikasema, "Habari yako, mzee." Akageuza uso upande nilikosimama akaniuliza nimetokea wapi. Nikamwambia Kangemi, na kwetu ni Vihiga. Akasema huko kote ni kuzuri, lakini katika nyumba yake mtoto humwamkia mtu mzima shikamoo. Niliona haya. Nikamwamkia upya, akaitikia, na kuanzia hapo akawa ananiita mwalimu. Nilikuwa sijaitwa hivyo na mtu yeyote tangu nimalize mazoezi ya kufundisha.

Magazeti hakuyataka. Habari alizisikia redioni, na zilimtosha. Akapapasa chini ya mto wa kiti chake akatoa kitabu kinene kilichokuwa bado ndani ya mfuko wa karatasi wa duka la vitabu la mjini. Kilikuwa kitabu cha nne katika mfululizo wa hadithi za sayansi, zile za vyombo vya angani na sayari za mbali. Vitatu vya kwanza alivisoma kwa macho yake, ingawa cha tatu alikimaliza kwa kioo cha kukuzia herufi, mstari baada ya mstari, kwa muda wa mwaka mzima. Hiki cha nne kilitoka akiwa ameshaingia gizani. Alimtuma mpishi akakinunue hata hivyo, na kwa miaka miwili kikakaa chini ya mto kikimngoja mtu.

Sitaficha kwamba nilikidharau. Chuo kikuu tulifundishwa riwaya nzito nzito, na watu waliosoma hadithi za vyombo vya angani tuliwaona kama watoto. Lakini nilikuwa nimetoka kufua mablanketi ya watu, vidole vimekunjamana, na hapa kulikuwa na kiti chenye mto na chai ya tangawizi. Nikafungua sura ya kwanza.

Katika sura hiyo kuna mwanamke mzee anayeishi katika mji mdogo kwenye sayari ngeni. Anatoka nyumbani kwake, anapita sokoni, anarudi. Hakuna mtu anayemwamkia. Hata watoto wamefundishwa wageuze nyuso. Mwandishi hasemi kwa nini. Sura ya pili inaanza na mwanamke huyohuyo akiwa msichana wa miaka tisa, katika dunia ya zamani inayokauka. Sura ya tatu anazikwa. Ya nne ni rubani kijana anayepewa chombo kilichojaa mbegu. Ya tano mwanamke yule ni mzee tena, anaumwa meno. Hakuna mwaka unaotajwa. Juu ya kila sura kuna jina la mahali tu, na majina yenyewe hayatamkiki.

Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya fimbo. Mimi nilikuwa nimepotea kabisa. Mwalimu wa Kiingereza mzima, mwenye shahada, ninasoma maneno yote sawasawa na sijui nani yuko wapi wala amekufa au hajazaliwa. Kila mara nilirudi nyuma kutafuta jina, na mzee akaniambia kwa upole niache, niende mbele tu, mambo yatajileta yenyewe. Yeye alikuwa na subira ya mtu aliyesubiri miaka miwili. Mimi nilikuwa na usingizi wa mtu aliyeamka saa kumi alfajiri.

Wiki ya tatu nikaomba niende na kitabu nyumbani Jumamosi, nikisema nataka kujizoeza majina. Akaniruhusu. Nilikisoma chote siku mbili, nimelala kifudifudi kitandani katika chumba changu cha mabati, na niliandika nyuma ya kalenda ya zamani mambo yote kwa mpangilio wa miaka: utoto, chuo cha urubani, safari, kutua, uzee, mazishi. Hapo ndipo nilipoelewa. Rubani yule ndiye mwanamke huyohuyo, na alipewa mbegu zote zilizosalia duniani. Nyuma ya chombo chake kulikuwa na cha pili, kimebeba watu, na katikati ya safari kikaharibika. Wakamwomba awafungulie mlango wahamie kwake. Kama angefungua, uzito ungezidi na asingefika na mbegu. Hakufungua. Alifika peke yake, akapanda, na mji mzima ukaja baadaye ukakulia juu ya mashamba yake. Waliomnyima salamu wote walikuwa wakila alichokipanda.

Jumatatu nilirudi Muthangari na wazo ambalo wakati huo niliona ni la huruma. Niliamua kumsomea mzee sura hizo kwa mpangilio wangu. Nilijiambia nitamrahisishia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikijirahisishia mimi. Nilitaka kusoma hadithi inayokwenda kama hadithi, bila kurudishwa nyuma kila nusu saa, na nilijua hawezi kuona. Nikaweka vipande vya karatasi ndani ya kitabu, moja hadi ishirini na kitu, na nikaanza kuruka.

Nilifanya hivyo siku nane. Siku ya tisa tulikuwa tumefika kwenye mlango wa chombo, ile sura ambayo mwandishi aliiweka karibu na mwisho kabisa.  Nilipomaliza, mzee akaniuliza ni sura ya ngapi hiyo.

Nikasema ya kumi na nne.

"Mwalimu," akasema, "mwandishi huyu nimemsoma vitabu vitatu. Hajapata hata siku moja kunitafunia chakula." Akanyoosha mkono. "Hebu nipe."

Nikampa. Akakishika kwa mikono miwili mahali nilipokuwa nimeweka kidole, akapima unene wa kurasa za upande wa kushoto na za kulia, kama mtu anayepima kiwanja. Upande wa kulia zilikuwa zimebaki kurasa chache mno. Akagusa pia vile vipande vya karatasi vilivyochomoza juu, kimoja kimoja. Alikuwa amesikia, aliniambia baadaye. Kurasa zinapogeuzwa moja moja zina sauti yake, na zinapogeuzwa hamsini kwa pamoja zina sauti nyingine. Alikuwa akingoja nimwambie mwenyewe.

Nilikiri. Nilisema nilitaka aelewe vizuri. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama angenifokea.

"Mimi sina macho mengine ila haya yako," akasema. "Ukiyafumba, mimi nitajuaje?"

Nililia, na yeye akajifanya hasikii. Aliposikia nimetulia aliniagiza nitoe karatasi zote, nianze tena sura ya kwanza, nisome kama mwandishi alivyotaka. Nikasema lakini umeshajua kilichotokea mlangoni. Akasema mtu wa umri wake husahau akitaka, na atajitahidi kusahau. Kisha akaniomba nimwahidi jambo moja: kwamba sababu ya mji kumnyima mama yule salamu isitoke kinywani mwangu kabla ya mahali pake. Mlango alikuwa ameshausikia, lakini hakujua watu wa mji walikuwa akina nani kwa wale waliofungiwa. Hilo lilikuwa katika sura ya mwisho, na nashukuru nilikuwa sijaifikia.

Tukaanza upya. Wiki sita zilizofuata ndizo pekee katika habari hii ninazozikumbuka bila kukunja uso. Nilisoma polepole. Nikaanza kuona kwa nini mazishi yaliwekwa mapema vile: ukishamzika mtu, kisha ukamwona ana miaka tisa anakimbiza kuku, kuku wenyewe wanakushika moyo. Mzee alikuwa akinisimamisha na kuniuliza ninaonaje. Tulibishana. Alisema yeye angefungua mlango. Nikamwambia asingefungua, watu waliozoea kupima hawafungui milango. Akacheka mpaka akakohoa. Siku nyingine aliacha kitabu akanieleza habari za mkewe, mara ni bibi harusi Mombasa, mara yuko hospitali, mara wanagombana juu ya rangi ya geti, na sikuhitaji kumuuliza ni lini. Alinisahihisha Kiswahili changu pia. Nikisema "kitabu yangu" alirudia "changu" kwa sauti ndogo na kuendelea kunywa chai.

Binti yake alizoea kuja Jumapili, wakati mimi sipo. Wiki ile ya mwisho alikuja Alhamisi. Nilikuwa nimefika katikati ya sura alipoingia, akaniashiria ninyamaze, akamuuliza babake ameshindaje. Mzee akajibu kwa furaha kwamba ameshinda vizuri, na kwamba yule mama waliyeshamzika leo ametoka chuoni na amepewa kazi.

Uso wa binti ulibadilika. Akaniita kando, karibu na mlango wa jikoni, akaniambia daktari alishamwonya aangalie dalili za babake kuanza kuchanganyikiwa. Aliniuliza mama gani huyo. Nikamweleza ni wa kitabuni. Akachukua kitabu kutoka mezani, akatazama alama ilipo, akaniuliza tumekianza lini. Nikamwambia. Alihesabu miezi kimoyomoyo na kuniuliza inakuwaje miezi yote hiyo tuko robo tatu, na yeye aliwahi kuja akakuta alama iko mbele zaidi ya hapo.

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimeshajifunza, au nilidhani nimejifunza, kwamba katika nyumba ile ukweli unasamehewa. Nikamweleza kila kitu: kwamba niliruka, kwamba nilipanga upya, kwamba mzee aligundua na tukaanza tena.

Hakupaza sauti. Aliniuliza kama ninavyomweleza ndivyo ninavyotaka aelewe, yaani nimemdanganya babake kwa sababu haoni, kisha nikarudia kitabu kilekile ili kazi isiishe. Nikasema sivyo. Nikamwomba amuulize mzee mwenyewe. Tulirudi sebuleni sote wawili, na mpishi akasimama mlangoni akifuta mikono.

"Baba," binti akasema, "huyu anasema alikusomea uongo na wewe unajua. Ni kweli?"

Nilimtazama mzee. Nilikuwa na hakika naye kuliko nilivyokuwa na hakika na mtu yeyote Nairobi. Alikuwa ameshika fimbo yake, uso umeelekea dirishani.  Kisha akasema, "Chai yangu imepoa. Nani ataniletea nyingine?"

Mpishi akaenda kuleta chai. Binti akaniambia nichukue vitu vyangu. Sikuwa na vitu, ila mkoba na mwavuli. Nilipita mbele ya mzee nikamuaga kwa heshima kama alivyonizoesha, na hakuitikia.

Nilitembea kwa miguu kutoka Muthangari hadi Kangemi, nikiwa na maneno mengi ya kumwambia na hakuna hata moja lenye adabu. Jirani yangu, yule mpishi, alijaribu kunieleza Jumapili baada ya kanisa. Alisema binti alikuwa kwa muda mrefu akitaka kumhamishia mzee Karen na kuipangisha ile nyumba, na kwamba kila dalili ya kuzeeka kwa akili ilikuwa hoja mkononi mwake. Kama mzee angesema ndiyo, najua nilidanganywa na nikamsamehe, ingekuwa hoja nyingine. Akanyamaza ili abaki na nyumba yake. Nilimwambia jirani kwamba ninaelewa. Nilikuwa naelewa, na haikunisaidia. Hata hivyo, kabla ya miezi miwili kwisha walimhamisha. Na yeye mpishi akahamishiwa kazi huko, pamoja na viti.

Mimi nikapata kazi katika duka la vifaa vya ofisi katikati ya mji, kupiga chapa nakala na kuunganisha ripoti za watu kwa plastiki. Alasiri moja, foleni imefika mlangoni, simu ikalia. Ilikuwa namba ya jirani yangu, lakini sauti ilikuwa ya mzee. Alizungumza chini, kama mtu asiyetaka kusikika chumba cha pili.

"Mwalimu, hujambo? Sitakuchelewesha. Niambie tu lile la mwisho. Watu wale, kwa nini hawakumwamkia?"

Lilikuwa jibu la sentensi mbili. Wale walioujenga mji walikuwa watoto na ndugu wa waliofungiwa nje, waliokuja na chombo cha tatu. Walikubali chakula na hawakukubali salamu. Ningeweza kulisema nikiwa nimeshika karatasi mkono mmoja. Nikaiona ile chai yake iliyopoa.

"Mzee, niko kazini," nikasema. "Binti yako anajua kusoma."

 Akasema, "Haya, mwanangu. Kazi njema," na simu ikakatika. Nilimhudumia mteja aliyefuata. Nilijiambia nitapiga jioni. Jioni nikajiambia kesho, mwishoni mwa wiki, nikishapoa. Sikuwa na nia ya kupoa haraka. Nilikuwa nikifurahia, acha niseme wazi, kwamba safari hii anayesubiri ni yeye.

Wiki tatu baadaye jirani alinipigia kuniambia mzee amefariki alfajiri na ameshazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Kwao hawachelewi. Niliendelea kuunganisha ripoti ya mtu, nikaitoboa upande usiofaa, ikabidi niirudie yote.

Jumamosi nilikwenda Karen. Nilivaa dera na mtandio niliouazima kwa mwenye nyumba wangu. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka katika sebule kubwa, wengine wakisoma juzuu za Kurani, wengine wakinong'ona. Nilikaa karibu na mlango. Binti alikuwa katikati, amevimba macho, amekonda. Sikutegemea kumwonea huruma na nilimwonea, kwa dakika moja au mbili.

Kisha shangazi mmoja aliyetoka Mombasa akamuuliza mzee alikuwa akishindaje siku zake za mwisho, maana macho hakuwa nayo na alipenda sana vitabu.

"Nilikuwa nikimsomea mimi," binti akasema. "Kila jioni. Alikuwa akinisubiri."

Shangazi akauliza alikuwa akimsomea nini.

"Historia," akasema. "Baba alipenda historia."

Wanawake wakamwombea dua kwa wema wake. Mmoja akamshika bega. Maneno yalikuwa yamenijaa kinywani, nami nikainamisha kichwa nikatazama mkeka, nikasema amina pamoja nao.

Jikoni, jirani yangu alikuwa akipakua pilau. Nilimuuliza kama ni kweli. Akatazama kwanza nyuma yangu, kisha akasema ni kweli, alimsomea. Jioni mbili. Alikuta kitabu ndani ya sanduku la mzee, akafungua katikati, akasoma kidogo, akasema hakieleweki. Siku ya pili simu ikamwita akatoka na hakurudi. Mzee akamwambia mpishi akirudishe kitabu sandukuni, na kuanzia hapo akawa anasikiliza redio. Nilitaka kumuuliza kama mzee, baada ya kunipigia, aliwahi kunitaja. Niliogopa jibu la aina yoyote. Nikala pilau nikiwa nimesimama, karibu na sinki.

Wakati wa kuondoka binti alikuwa mlangoni akiwashukuru waliokuja. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilimwona akinitafuta katika kumbukumbu yake na asinipate. Labda ni ule mtandio.

"Asante kwa kuja, mama," akasema. "Ulimjua baba kutoka wapi?"

Nikamwambia nimekuja na mpishi, tunakaa mtaa mmoja. Nikampa pole, naye akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu.